Aliyesema Tutarudi

Watu waliotengeneza mchezo ule hawajatujibu hadi leo, na mimi sijawasamehe. Naanza na hilo ili asije mtu akafikiri nimepoa.

Mchezo wenyewe una jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelitumia. Kambini Kakuma tuliuita Safina, kwa sababu ni habari za chombo kinachoruka angani kikiwa kimebeba watu ambao sayari yao imeungua. Ulitoka kwa sehemu tatu, kila moja kwenye diski yake. Ukimaliza sehemu moja, mashine inakumbuka uliyoyafanya na kuyapeleka sehemu inayofuata. Uliyemwokoa unamkuta mbele. Uliyemtukana hajasahau. Hilo ndilo lililotukamata. Mkimbizi anasimulia maisha yake upya kila akipata karani mpya, na sisi Waturkana kila uchaguzi tunajulishwa upya kwa wagombea walewale. Mahali panapokumbuka mambo yako hata kama ni ndani ya televisheni, utaondokaje?

Mimi ni Lopeyok, mzaliwa wa Kaaleng, mkazi wa Lodwar, na miaka ile nilikuwa nauza makaa kambini. Niliingia kwa Firmin kuchaji simu, nikabaki. Firmin ni mtu wa Uvira, tumbo mbele, sauti ya kwaya. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upande wa laga, ule mto mkavu, jenereta nyuma, mashine moja ya kuchezea na televisheni moja yenye mgongo mkubwa kama mbuzi mwenye mimba. Sasa, mchezo kama Safina umetengenezwa kwa zile televisheni mpya, bapa. Kwenye ile ya Firmin maandishi yalitokea kama siafu waliokanyagwa, hata mwenye macho ya tai hasomi. Sauti nayo ililiwa na jenereta. Kwa hiyo kila tulichokijua juu ya Safina tulikijua kwa mdomo wa mtu mmoja, Onésphore.

Onésphore ni Mrundi, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo hata joto likiwa la kukaanga yai juu ya bati. Siku za kazi alikuwa mkalimani katika ofisi moja ya kambi. Jumamosi aliketi kwenye kiti chake mbele kabisa, sikio limebanwa kwenye spika ndogo, Kiingereza kinaingia huku, Kiswahili kinatokea kule. Alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Alikuwa na sauti ya Kapteni na sauti ya adui, na akitafsiri kilio watu walitafuta leso.

Pale kwa Firmin kulikuwa na kanuni. Mchezo ukifika pa kuchagua jambo kubwa, Firmin anausimamisha, na kibanda kizima kinapiga kura kwa kusimama. Wanaotaka hili ukuta wa kulia, wanaotaka lile ukuta wa kushoto. Siku yangu ya kwanza niliuliza nani atahesabu, kwa sababu kura ya mlolongo mwaka themanini na nane naikumbuka, nimeona kwa macho yangu mstari mfupi ukiitwa mrefu. Firmin akaniambia hapa kila mtu anahesabu, mzee, hata wewe wa makaa. Nikanyamaza. Si mara nyingi.

Aliyeshika pedi, kile kidude cha kubonyezea, aliitwa Mkono. Mkono hachagui, anabonyeza kile kuta zilichoamua. Mkono wa kwanza alikuwa Yien, kijana Mnuer, mrefu, mcheshi. Mchezo ule unaruhusu kuwapa mabaharia wa chombo majina, basi wenyeji wa kibanda kila mmoja alikuwa na mtu wake mle ndani. Firmin alikuwa mpishi. Onésphore alikuwa daktari. Yien alikuwa fundi wa injini. Mimi nilichelewa kuja, sikuwa na mtu.

Niliyasikia haya kwa kusimuliwa, kwa sababu siku yenyewe nilikuwa Kainuk nikinunua makaa. Ilikuwa sehemu ya pili, mwaka wa elfu mbili kumi na moja. Safina imekwama kwenye Kituo cha Saba, na ili itoke lazima mtu mmoja abaki kushikilia lango kwa mkono wakati chombo kinapita. Yien mwenyewe alikwenda kwenye ukuta akasema mniache mimi, nina mikono mirefu. Watu wakacheka, wakamfuata ukutani. Lango likafungwa. Nyakim, dada mdogo wa Yien, alikuwa ameketi chini mbele ya Onésphore, na hakucheka. Onésphore akatafsiri maneno ya mwisho ya Kapteni: shikilia lango, tutarudi kukuchukua.

Wiki iliyofuata Yien wa kweli alipanda lori kurudi kwao, nchi ilikuwa imepata uhuru mwezi huohuo na yeye alitaka kumtafuta mama yao. Alipiga simu mara moja kutoka Bentiu. Baada ya hapo, kimya.

Nyakim akawa Mkono. Aliishi na shangazi yake Kakuma One, alikuwa kidato cha pili, mdomo mkali. Shangazi alimsihi mwaka mzima waende kwenye ile meza ya kuwatafuta ndugu waliopotezana, watoe jina la Yien, atafutwe. Nyakim alikataa. Kila akiulizwa alijibu vilevile: Yien hajapotea, amekaa mahali anangoja. Kibanda kizima kilijua maneno hayo yametoka wapi. Siku moja alinisaidia kushusha magunia, nikamuuliza kwa nini anamtesa shangazi yake hivyo.

"Mheshimiwa," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa kunidharau, kwa sababu ya hotuba zangu. "Tukimchukua yule wa kituo, nitaenda kwa hiyo meza. Kama meli inaweza kurudi, basi na mimi naweza kuuliza. Kama haiwezi, mimi sitaki kujua kitu."

Nilimwambia hayo ni mambo ya kitoto. Akaniambia na makaa yangu ni mabichi.

Sehemu ya tatu ilitufikia Aprili ya elfu mbili kumi na mbili, dereva mmoja aliileta kutoka Nairobi ndani ya kiatu. Tulicheza hadi Juni. Tulipigana, tulipatanisha sayari, kuta zilijaa kila Jumamosi, na kila tulipopita nyota mpya Nyakim aliuliza kama Kituo cha Saba kiko karibu. Onésphore alisema bado.

Halafu ukaja mwisho. Kapteni anafika mahali penye milango mitatu. Mlango wa Kurudi: watu wapelekwe kwenye sayari yao iliyoungua wakalime majivu. Mlango wa Kwenda: wapelekwe kwa watu wengine watakaopokea baadhi yao. Mlango wa Kubaki: wakae palepale walipofika, katikati ya hakuna. Firmin alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema hawa batu baliiba hii maneno hapa Kakuma, kwa sababu hayo matatu ndiyo husomwa kwenye kipaza sauti kila sikukuu ya wakimbizi, kila mwaka, kwa mpangilio uleule.

Kuta zikapiga kura, ukashinda wa Kwenda, Nyakim akabonyeza. Mwanga mweupe ukajaa kwenye kioo, wimbo, majina ya waliotengeneza. Tukarudia kwa mlango mwingine. Mwanga, wimbo, majina. Wa tatu vilevile. Hakuna kituo, hakuna fundi, hakuna aliyeonekana ameishi wala amekufa.

"Miaka tatu mimi nachagua," Nyakim akasema, polepole, "halafu mwisho ni taa?"

Ugomvi ulioanza hapo ulikula wiki nyingi. Ulikwenda foleni ya maji, ukaingia mazoezi ya kwaya, ukavunja timu moja ya mpira. Firmin alisema waliochora mchezo walichoka tu, bakawasha taa, bakaenda kulala. Vijana wa hoteli ya Wasomali, ambao walikuwa na mashine yao, walikuja na nadharia kwamba Kapteni alikufa mwanzoni mwa sehemu ya tatu na yote yaliyofuata ni ndoto ya mtu anayekata roho, na walikuwa na ushahidi, mti fulani unaoonekana mara mbili. Wengine walisema mwanga ule ni ubatizo. Watu waliokuwa hawajawahi kugusa pedi walikuwa na msimamo. Nami nilikuwa na hasira ya watu wote hao ikiwa imekusanywa mahali pamoja, kwa sababu mtu aliyekupa kura halafu akapuuza kura namjua, simhitaji aje kutoka sayari nyingine.

Mtu mmoja tu aliwatetea watengenezaji, na huyo alikuwa Onésphore. Alisema kazi ni yao, mwisho ni wao. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hawakutuahidi chochote. Kibanda kilimrukia. Hawakuahidi? Si wewe mwenyewe uliyetusomea, tutarudi kukuchukua? Akatazama mikono yake. Wakamwita wakili wa wazungu. Mimi nilimwita maneno mabaya zaidi.

Nikaandika malalamiko ya kibanda kuwapelekea watengenezaji. Hoja ya tatu, yenye nguvu kuliko zote, ilisema: mliahidi. Nilitaka kuweka maneno yenyewe ya Kiingereza, mtu asije akaruka. Kiingereza najisomea mwenyewe, nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, na nikiandika hoja naiandika iwe na meno. Nikamwomba Onésphore anipe maneno yale kama yalivyotamkwa. Akasema hakumbuki. Mtu anayekumbuka sauti ya kila adui.

Basi Septemba habari ikafika kwamba dunia nzima imewapigia kelele wale watu, sio sisi peke yetu, na wametoa nyongeza ya mwisho. Inaonyesha kila baharia alipoishia. Ni ya bure, lakini inakuja kwa intaneti, na intaneti ya kubeba mzigo ule haikuwepo Kakuma kwa mtu wa kawaida. Mashine lazima iende Lodwar. Firmin hana pasi ya kutoka kambini. Nyakim hana. Onésphore angeweza kuomba, hakuomba. Mimi nina kitambulisho cha Kenya, hicho ndicho nchi hii imenipa.

Nyakim aliifunga mashine ndani ya shuka la shangazi yake, na sehemu zote tatu za mchezo juu yake.

"Uangalie tu kama imeingia, halafu uzime," akaniambia. "Usicheze bila sisi, Mheshimiwa. Apana cheza."

Dada yangu alikuwa akipika kwenye nyumba ya wageni ya akina mama kule Nawoitorong. Alinitafutia Jumapili moja ofisi ikiwa imefungwa, waya wa intaneti, na televisheni ya sebule ya wageni, bapa, kubwa kama meza. Mzigo ulianza kushuka asubuhi, ukashuka kama punda asiyetaka. Nikakaa naungoja, na mikono ikaniwasha. Nilikuwa nimekatazwa kugusa mwisho. Hakuna aliyenikataza sehemu ya pili. Nikaweka sehemu ya pili, nikafungua palipohifadhiwa kabla ya Kituo cha Saba, nikachukua kalamu niyanakili maneno ya ahadi.

Kwenye televisheni ile maandishi yalikuwa meupe, makubwa, safi. Kapteni anasema shikilia lango. Anasema asante. Lango linafungwa.

Nikangoja. Chombo kikaondoka.

Nikarudia, nikiongeza sauti. Shikilia lango. Asante. Nikafikiri kuna sehemu imekatwa, nikarudia tena na tena, mpaka dada yangu akatoka jikoni na mwiko akaniuliza kama nimesafiri kutoka Kakuma kuja kutazama mlango mmoja ukifungwa. Nikamwambia dada, hawakusema. Akasema nani.

Niseme kitu kuhusu Kaaleng. Nilipokuwa mtoto alikuja bwana mmoja wa maji, na mkalimani wake, mtu wa kwetu. Wazee wakakaa kwenye mchanga, bwana akasema kwa lugha yake, mkalimani akasema kwa yetu: watachimba kisima hapa kabla ya kiangazi. Baba yangu hakuhamisha mifugo mwaka ule. Wenzake wengi walihama, yeye alingojea kisima. Mbuzi walikufa wakitazama upande wa barabara. Miaka mingi baadaye nilipata kujua kwamba yule bwana alisema tu kwamba hapo maji hakuna na kwamba atawaarifu wakubwa wake. Mkalimani aliona aibu kuwapa wazee neno tupu baada ya kuketishwa na kupewa maziwa, akaongeza la kwake. Jina lake nalijua. Wanawe nawajua. Tangu siku hiyo, mtu akisimama katikati ya wawili wanaozungumza, mimi huangalia midomo.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyorudi Kakuma. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba.

Nilimkuta Onésphore kwenye kivuli cha tangi la maji, saa ya mapumziko ya ofisi, anakula mkate mkavu. Nikamwamkia, ejok, akaitikia ejok, akaona uso wangu, akaufunga mkate kwenye karatasi.

"Umeisoma," akasema.

"Nimeisoma."

Hakujaribu kukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, hotuba yangu yote ilijengwa juu ya hilo. Aliniambia kwamba kazi yake ni kusema hapana. Anasema kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, tangu asubuhi. Bado. Hapana. Jina lako halimo. Ofisini ukiongeza neno moja unafukuzwa, na ni haki, hata yeye angemfukuza mtu huyo. Jumamosi alikuwa hafanyi kazi ya mtu.

"Yule mtoto hakuwa anatazama televisheni," akasema. "Alikuwa ananitazama mimi mdomoni. Na kaka yake ameshafunga begi, sote tunajua anaondoka. Wewe ungesema nini, Lopeyok?"

"Ningesema ilivyo."

"Ulikuwepo?"

Sikuwepo. Nikamweleza Kaaleng basi, yote, mpaka mbuzi. Nilimweleza kwa ukali. Alisikiliza kama anavyosikiliza watu ofisini, bila kutikisa kichwa. Nikamwambia kuna msichana hapa amekataa kumtafuta kaka yake kwa sababu ya neno lako. Jumamosi useme mwenyewe. Usiposema, nitasimama niseme mimi, na mimi sisemi kwa upole.

"Najua," akajibu. "Ndiyo maana nilinyamaza kila mlipogombana. Nilikuwa nangoja watengenezaji wanisaidie, wamrudishe Yien wenyewe."

Jumamosi kibanda kilifurika. Watu wa kwaya, vijana wa Wasomali na mti wao, shangazi yake Nyakim ambaye hakuwahi kukanyaga pale. Firmin alifungua bati moja la paa hewa ipite. Nyakim akachagua Mlango wa Kwenda kama kuta zilivyoamua mara ya kwanza, mwanga mweupe ukaja, na safari hii ukapungua. Zikaanza picha. Mpishi amefungua hoteli kwenye sayari mpya, kibanda kikampigia makofi Firmin, naye akainama. Daktari amezungukwa na watoto. Rubani, mlinzi, mtunza mbegu, mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila picha siafu wao wa maandishi, na Onésphore akitafsiri.

Kisha picha ya kituo. Giza, taa moja inawaka na kuzimika. Hakuna mtu. Siafu wachache tu chini.

Onésphore akaondoa sikio kwenye spika.

"Inasema nini?" Nyakim akauliza bila kugeuka.

"Imeandikwa: Kituo cha Saba. Hakuna habari zaidi."

Kelele ilipanda. Wezi, waongo, waliahidi, Mheshimiwa andika, ongeza hiyo. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Onésphore akasimama kabla yangu, akaenda mwenyewe nyuma ya kibanda, akazima jenereta. Picha ikafa, na kwa mara ya kwanza tangu nikijue kibanda kile nilisikia watu wakipumua.

Akasema. Alisema kwa maneno machache, kama anatafsiri. Kapteni alisema shikilia lango, asante. Tutarudi hakusema. Hilo ni neno langu, niliongeza mimi.

Sitaandika aliyoitwa. Mtu mmoja wa kwaya alitaka kujua ni mangapi mengine aliyoongeza, na hilo ni swali la haki. Onésphore akajibu kwamba machache, ya kufariji, na kwamba yuko tayari kuyataja. Firmin alikuwa ameshika kichwa kama mtu aliyefiwa. Nami, niliyekuja na hotuba, niliona shangazi yake Nyakim amemshika mtoto begani, nikaimeza.

Nyakim ndiye aliyegeuka. Alikuwa na pedi mkononi bado, waya wake umemzunguka kifundo.

"Nani alisema tutarudi?"

"Mimi," Onésphore akasema.

"Sio Kapteni."

"Sio Kapteni. Mimi."

"Basi rudi."

Hatukumwelewa. Akainuka, akatafuta ile sehemu ya pili kwenye mzigo niliouleta, akampa Firmin, akamwambia awashe jenereta. Alitaka pale nilipopafungua mimi Lodwar, kabla ya Kituo cha Saba, ambapo mchezo unauliza ni nani abaki kushikilia lango. Firmin akawasha. Picha ikarudi: mabaharia wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na jina lake, na Yien fundi wa injini katikati yao.

Onésphore alitazama ule mstari. Akaondoka kwenye kiti chake, akavuka kibanda, akasimama ukuta wa kushoto peke yake.

"Niacheni mimi," akasema.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, kwa sababu yeye ndiye daktari. Kila aliyekuwa pale alijua sehemu ya tatu ina ugonjwa unaoingia kwenye chombo. Ukimwacha daktari nyuma, utawazika nusu ya mabaharia, na huwezi kufika kwenye milango na watu wa kutosha. Vijana walimhesabia Nyakim kwa vidole. Mpishi atakufa wa kwanza, yuko karibu na wagonjwa. Firmin aliposikia jina la mpishi akainuka. Alikuwa ameishi ndani ya mpishi yule kwa miaka mitatu, alishapata na hoteli.

"Mimi nilishachoka kupika," akasema, akaenda ukuta wa kushoto na tumbo lake.

Wakafuata mmoja mmoja, wengine wakinung'unika. Mimi sikuwa na mtu kwenye chombo wala kitu cha kupoteza, lakini kanuni inasema kila aliyemo anasimama. Nikaenda kusimama karibu na mkalimani, bega kwa bega. Nilifikiri juu ya yule wa Kaaleng. Tulimlaani, tulimsema kwenye kila mkutano, mimi ndiye niliyemsema zaidi. Hakuna aliyewahi kumpa jembe akamwambia chimba.

Nyakim akabonyeza. Lango likaanza kushuka. Safari hii ndani ya lango alikuwa daktari, na Onésphore, aliyerudi kwenye kiti chake sikio kwenye spika, ilibidi atutafsirie kuachwa kwake mwenyewe.

"Kapteni anasema: shikilia lango. Asante."

"Ni hayo tu?" Nyakim akauliza.

"Ni hayo tu."

Chombo kikapita. Kwenye chumba cha injini fundi Yien aliinua kichwa, akafuta mikono kwa kitambaa, kitu kidogo ambacho sidhani watengenezaji walikifikiria sana. Nyakim aliweka pedi chini. Alimwambia shangazi yake neno la Kinuer, na shangazi akajifunika uso kwa kanga.

Tuliendelea na mchezo ule hadi mwaka uliofuata, na ilikuwa kama walivyosema, ugonjwa ulitumaliza. Mpishi alikufa Februari. Firmin alifunga kibanda siku moja kwa heshima yake, na aliyecheka alizuiwa kuingia Jumamosi iliyofuata. Vijana bado wanabishana kama tuliharibu Safina au tuliimaliza vizuri kuliko wote. Kwenye malalamiko yangu nilifuta hoja ya tatu, nikapeleka mbili zilizobaki. Milango mitatu yenye mwanga mmoja bado ni dharau, na nilisema hivyo kwa herufi kubwa.

Lakini Jumatatu ile baada ya kura, nilikuwa napita na mkokoteni wa makaa mbele ya meza ya kuwatafuta waliopotezana. Nyakim alikuwa kwenye benchi amevaa sare ya shule, shangazi upande mmoja, Onésphore upande mwingine, shati limefungwa hadi shingoni. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Nikasimama nijifanye nafunga gunia.

Aliyekuwa mezani alikuwa mama wa kigeni asiyejua Kiswahili. Alisema maneno marefu, kwa upole. Nyakim hakumtazama, alimtazama Onésphore mdomoni.

"Anasema watajaribu," Onésphore akasema. "Anasema barabara za kule ni mbaya na huenda ikachukua muda mrefu. Anasema hawezi kuahidi."

"Amesema hivyo, hawezi kuahidi?"

"Amesema hivyo."

Nyakim akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. Halafu akaanza kutaja jina: Yien, mwana wa Tap, mwana wa Bichiok, akiendelea kupanda kwa mababu kama watu wake wanavyofanya, na Onésphore akilipeleka kila jina upande wa pili wa meza, moja moja, bila kuongeza.

Sikungoja kusikia yote. Makaa yalikuwa yamelipiwa nusu na mwenyewe ni mkali. Nilipogeuza mkokoteni Nyakim aliniona, akaniita Mheshimiwa mbele za watu, akasema hata leo makaa yako ni mabichi.